Tatizo moja, lugha mbili: namna lugha ya pili inavyogusa kufikiri kwetu



Mwaka mmoja, mwanzoni mwa mvua, upepo uling'oa mabati 18 ya chumba cha shule ya Jumapili katika parokia yetu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Komite ikakutana siku ya Jumatano, saa nane, kutafuta feza. Feza zilikuwepo, lakini zilikuwa za kwaya ya wamama: dola 430 ambazo walikuwa wameziweka kidogo kidogo ili wanunue kinanda. Wababa wakasema tuzikope. Wamama wakakataa. Tulizungumza Mashi, lugha ambayo karibu sisi wote tuliokuwa pale tulinyonya pamoja na maziwa ya mama zetu. Kwa saa tatu hatukuzungumza juu ya mabati. Tulizungumza juu ya mkopo wa zamani ambao haukurudishwa, juu ya nani alimdharau nani kwenye harusi, juu ya nani anayefagia kanisa na nani anayekuja kukaa tu.

Ilipofika saa kumi na moja, sekretere aliomba ruhusa asome rapori. Kwetu rapori inaandikwa kwa Kifaransa kwa sababu inapelekwa kwenye ofisi. Alikuwa ameandika mistari mitatu tu: montant, délai, garantie. Kisha akaieleza: feza kiasi gani, kwa muda gani, nani atadhamini. Mama mmoja akauliza, "Ni hayo tu tuliyosema tangu saa nane?" Watu wakacheka. Nusu saa baadaye tulikuwa tumemaliza. Wamama watakopesha dola 280, yaani 252 za mabati na 28 za misumari. Zitarudishwa dola 70 kila mwezi kwa miezi 4. Wazee wawili watatia sahihi. Feza zilirudi zote, na kinanda kilinunuliwa.

Kwa muda mrefu tuliisimulia habari hii kama ushuhuda wa uzuri wa Kifaransa. Leo hatuisimulii tena namna hiyo, na katika makala hii tutaeleza kwa nini. Waamini wengi, zaidi wazazi na vijana wanaoanza masomo, wanatuuliza: je, kujifunza lugha ya pili kunamfanya mtu awe na akili zaidi? Je, anayejua Kifaransa au Kiingereza anafikiri vizuri kuliko asiyejua? Ni maulizo ya maana katika inchi yetu, ambapo Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na chini ya hizo kuna lugha nyingine zaidi ya 200. Kwetu sisi, mtu wa lugha moja tu ni wa kutafutwa.

Kila lugha ina maulizo yake

Tuanze na mambo tunayoyaona kila siku. Mgonjwa anafika kwenye kituo cha afya na kusema kwa Kiswahili, "Mguu unaniuma." Muuguzi anayejaza karatasi kwa Kifaransa hawezi kuandika neno moja kwa haraka. Kifaransa kinamlazimisha achague: ni jambe, sehemu ya juu ya kifundo, au ni pied, sehemu inayokanyaga? Basi anauliza tena, "Wapi, mama? Nionyeshe." Swali hilo limeletwa na lugha ya pili, na linaweza kuokoa dawa isiyofaa.

Sasa tugeuze. Familia inagawanya mashamba ya marehemu, na mwanasheria anaandika kwa Kifaransa kwamba kuna "oncle". Kwa Kiswahili hatuwezi kuishia hapo. Ni baba mdogo? Ni baba mkubwa? Ni mjomba? Kwetu hao si mtu mmoja, na kila mmoja ana mzigo wake kwa watoto walioachwa. Hapa Kiswahili ndicho kinachouliza, na Kifaransa ndicho kinachoficha.

Chukua pia saa. Mtoto wetu anajua kwamba jua likishachomoza ni saa moja, kisha shuleni mwalimu anamwambia kwamba wakati huohuo ni sept heures. Mwanzoni anachanganyikiwa. Baadaye anaelewa jambo kubwa: jua halikubadilika, ni watu waliopatana kuhesabu kwa namna mbili. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, ambaye kitabu chake juu ya mawazo na lugha kilitoka mwaka 1934, alikwisha kueleza hilo: mtoto anayejifunza lugha ya kigeni anaanza kuiona lugha yake mwenyewe kama njia moja kati ya njia nyingi. Kabla ya hapo, jina na kitu vilikuwa kama kitu kimoja kwake. Sasa anaweza kuvitenganisha.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na haitegemei diploma. Wakalimani wetu wa ibada wanaijua vizuri. Mhubiri anaposema kwa Kifaransa sentensi ndefu yenye kupendeza, mkalimani anayesimama pembeni yake ndiye wa kwanza kujua kama kuna kitu ndani yake. Tumewahi kuhubiri tukaona mkalimani ananyamaza, anatuangalia. Hakuwa amekosa Kiswahili. Sisi ndio tuliokuwa tumekosa wazo.

Lugha ya pili inatusogeza mbali kidogo

Faida ya pili inahusu namna ya kuamua mambo. Mwaka 1981, wanasayansi wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walitangaza uchunguzi ambao mpaka leo unafundishwa. Waliwaambia watu hivi: ugonjwa unakuja ambao unaweza kuua watu 600, kuna mipango miwili. Katika mpango wa kwanza, watu 200 wataokolewa kwa hakika. Katika mpango wa pili, kuna nafasi moja kati ya tatu ya kwamba wote 600 wataokolewa, na nafasi mbili kati ya tatu za kwamba hakuna atakayeokolewa. Watu 72 kwa 100 walichagua mpango wa kwanza, ule wa hakika.

Halafu wakawauliza watu wengine jambo lilelile, lakini kwa maneno ya kifo: katika mpango wa kwanza watu 400 watakufa, katika wa pili kuna nafasi moja kati ya tatu ya kwamba hakuna atakayekufa, na mbili kati ya tatu za kwamba wote 600 watakufa. Tazama vizuri: kati ya watu 600, kuokoa 200 na kupoteza 400 ni hesabu moja. Lakini sasa ni 22 tu kwa 100 waliochagua mpango wa kwanza. Namna ya kusema ilibadilisha uamuzi. Tukisikia "wataokolewa", tunashika kilicho mkononi. Tukisikia "watakufa", tunaogopa na kuwa tayari kubahatisha.

Mwaka 2012, Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walirudia swali la namna hiyo kwa watu waliojifunza lugha ya pili darasani: Wamarekani waliojifunza Kijapani, Wakorea waliojifunza Kiingereza, na wengine wenye Kiingereza waliojifunza Kifaransa. Waliosoma swali katika lugha yao ya kwanza walianguka katika mtego uleule. Waliolisoma katika lugha ya kigeni hawakuvutwa hivyo: walijibu karibu sawa, neno likiwa "kuokoa" au likiwa "kufa".

Kwa nini? Maneno ya lugha ya kwanza tuliyapokea pamoja na mambo yake. Neno la kufa tulilisikia mara ya kwanza pamoja na kilio. Neno la deni tulilisikia baba akigombana na jirani mlangoni. Neno tulilolisoma ubaoni halina machozi mengi ndani yake. Basi tunapolitumia, tatizo linasimama mbali kidogo nasi, na tunaweza kuliangalia pande zote.

Ndicho kilichotokea siku ile ya mabati. Sekretere hakuwa na akili kuliko wamama. Maneno ya Kifaransa hayakuwa na harusi ya mwaka uliopita ndani yake, basi. Tunaona jambo hilo hata sokoni: wengi wetu tunaomba kwa lugha ya nyumbani, tunacheka kwa Kiswahili, lakini tukifika kwenye hesabu tunasema septante-cinq, nonante. Tulijifunzia hesabu huko, na akili inarudi kwenye meza ilipozoea kufanyia kazi hiyo.

Tuongeze tahadhari moja. Mambo haya yanaonekana zaidi kwa watu waliojifunza lugha ya pili darasani, wakiwa wakubwa kidogo. Mtu aliyekua na lugha mbili tangu utoto, zote mbili zinamgusa moyo. Kijana wa mjini Bukavu aliyezaliwa katika Kiswahili hawezi kukitumia kama ubaridi; ndicho kinachomchoma. Kila mmoja ajichunguze mwenyewe: ni lugha gani inayonitoa machozi, na ni ipi inayonituliza?

Ubaridi nao unaweza kuumiza

Sasa tufike kwenye sababu iliyotufanya tuache kusimulia habari ya mabati kwa majivuno.

Miaka miwili baada ya siku ile, tuliamua kujenga vyumba vya shule kwenye kiwanja cha kanisa. Katika kona ya kiwanja kulikuwa na nyumba ndogo. Ndani yake aliishi mama mjane, ambaye mume wake alikuwa mwinjilisti wetu kwa miaka 19. Tulikumbuka hekima ya siku ya mabati, tukasema: safari hii tuanze moja kwa moja kwa Kifaransa, tusipoteze wakati. Tuliandika orodha nzuri. Watoto 60 watapata nafasi. Familia moja itahamishwa. Kanisa litamlipia mama nyumba nyingine kwa miezi 6. Hakuna aliyepiga kelele. Kwa dakika arobaini tulikuwa tumemaliza, na barua ikatumwa. Hesabu ilikuwa sahihi.

Mjukuu wake ndiye aliyemsomea barua ile. Jumapili iliyofuata mama hakuja kanisani. Hakuja kwa majuma saba. Tulidhani amekasirika juu ya nyumba, na wengine katika komite walisema atazoea.

Juma la nane tulikwenda kwake pamoja na wamama wawili. Tulisema Mashi. Katika lugha ile huwezi kuingia na kusema mara moja "tumekuja juu ya kiwanja". Unauliza habari za usiku, za watoto, za wajukuu, za mbuzi, na katika nyumba ya mjane unamtaja aliyeondoka. Tulipomtaja mume wake, mama akanyosha mkono kuelekea dirishani. Nyuma ya nyumba, hatua kama kumi, kulikuwa na kaburi la mwinjilisti. Tulikuwa tumelisahau. Ni sisi tuliomzika pale. Katika orodha yetu kulikuwa na montant, délai na garantie, na kaburi halikuwa na mstari wake, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Vyumba vya shule vilikuwa vimechorwa juu yake.

Mama hakutukana. Alisema, "Nyumba mngeichukua. Nilikuwa nangoja mmoja wenu akumbuke." Tuliomba msamaha tukiwa tumeketi chini. Vyumba vilijengwa, lakini vikageuzwa upande, na kaburi likazungushiwa ukuta mdogo. Mama alirudi kanisani. Lakini mpaka leo anakaa kwenye benchi ya mwisho, karibu na mlango, wala hatujapata neno la kumrudisha mbele.

Baadaye tukisoma juu ya mambo haya tuliona kwamba wataalamu nao walikutana na upande huo. Mwaka 2014, Albert Costa, aliyefanya kazi Barcelona, pamoja na wenzake, waliwauliza watu swali gumu linalojulikana sana: gari la reli linakwenda kuua watu watano, je, utamsukuma mtu mmoja kutoka kwenye daraja, afe yeye, ili watano wapone? Wengi walikataa. Lakini walioulizwa katika lugha ya kigeni walikubali kumsukuma mara nyingi kuliko walioulizwa katika lugha yao. Mwaka 2017, Sayuri Hayakawa na wenzake walichunguza sababu. Waliona kwamba lugha ya kigeni haikuwafanya watu wapige hesabu kwa uangalifu zaidi. Ilipunguza sauti ile ya ndani inayosema: hapana, huyu ni mtu.

Hapo ndipo tulipojiona. Watoto 60, familia moja. Tulimsukuma mama kwa sarufi safi.

Kwa hiyo jibu letu kwa ulizo la kwanza ni hili: lugha ya pili haituongezei hekima peke yake. Inabadilisha umbali kati yetu na tatizo. Kuna matatizo yanayohitaji tusogee mbali, kwa sababu hasira imetufunga macho. Na kuna matatizo yanayohitaji tukaribie, kwa sababu kuna mtu ndani yake ambaye hatujamwona. Anayejua lugha mbili ana nafasi ya kufanya yote mawili, kama anajua ni wakati wa lipi.

Je, watoto wa lugha mbili wana akili zaidi?

Wazazi wanataka jibu la wazi hapa, basi tuwaeleze tunayoyajua.

Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti wengi wa Marekani na Ulaya walisema kwamba lugha mbili zinamchelewesha mtoto. Kosa lao lilikuwa kubwa: mara nyingi walilinganisha watoto wa wahamiaji maskini na watoto wa wenyeji wenye hali nzuri, kisha wakasema tofauti inatokana na lugha. Mwaka 1962, huko Montreal, Kanada, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walichagua watoto wa miaka 10 wenye hali ya maisha inayofanana. Wenye lugha mbili walifanya vizuri kuliko wenye moja. Tangu hapo wengi wakakimbilia upande mwingine, wakasema lugha mbili zinaongeza akili.

Nalo halikusimama bila kupingwa. Mwaka 2019 ulitoka uchunguzi juu ya watoto zaidi ya 4,500 wa Marekani, wenye miaka 9 na 10. Katika mambo kama kutuliza mawazo na kugeuza haraka kutoka kazi moja hadi nyingine, wenye lugha mbili hawakuwashinda wenzao. Lakini pia haikuonekana kwamba lugha ya pili ni mzigo wa kumwangusha mtoto.

Upande wa wazee kuna habari moja tunayoipenda. Huko Hyderabad, India, mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 648 wenye ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni. Waliokuwa wanasema lugha mbili au zaidi, ugonjwa uliwaanza miaka 4 na nusu baadaye kuliko wenye lugha moja. Na tofauti ilionekana hata kwa wale ambao hawakujua kusoma. Si dawa, na haimhakikishii mtu yeyote. Lakini inatuonyesha kwamba nyanya anayeuza ndizi kwa Mashi, kwa Kilega na kwa Kiswahili, bila kuingia darasani hata siku moja, naye ni mtu wa lugha nyingi. Akili yake inafanya kazi ileile ambayo tunaisifu kwa vijana wenye diploma.

Tunasema hivi kwa sababu tumebeba kidonda. Tulipokuwa watoto wa shule ya msingi, kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivalishwa shingoni, naye alipaswa kuvizia mwenzake akosee ili ampe. Aliyebaki nacho saa za kutoka alipigwa. Tulijifunza Kifaransa, ndiyo. Tulijifunza pia kuvizia wenzetu, na kuona haya tulipomsikia mama yetu akituita mlangoni pa shule. Wengine waliokuwa na akili nzuri sana walijifunza kunyamaza, na mpaka leo wananyamaza katika mikutano yetu.

Uzoefu wa Afrika unaonyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 1970, huko Ife, Nigeria, watoto wa kundi moja walifundishwa miaka yote sita ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakakisoma kama somo. Hawakubaki nyuma, hata katika Kiingereza chenyewe. Sheria ya elimu ya inchi yetu ya Februari 2014 nayo inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Lugha ya kwanza ikisimama imara, ya pili inapata mahali pa kuegemea. Ukibomoa ya kwanza ili ujenge ya pili, mtoto anabaki na nyumba mbili zisizo na paa.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma juu ya manung'uniko kanisani Yerusalema. Waamini waliosema Kigiriki walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Tazama: lugha mbili, chakula, na wajane. Si mbali na kiwanja chetu. Mitume hawakusema walalamikaji wajifunze kwanza lugha ya Wayahudi wa pale ili waeleweke. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi ile. Tukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni majina ya Kigiriki. Tatizo liliwekwa mikononi mwa watu walioweza kulisikia katika lugha lilimolia.

Na katika sura ya 21 na ya 22, Paulo anakamatwa katika fujo ya hekalu. Kwa mkubwa wa jeshi anasema Kigiriki, kwa adabu, ili apate ruhusa. Kisha anawageukia watu na kusema kwa lugha ya Waebrania, nao wananyamaza wamsikilize. Ni mtu mmoja, saa moja, hatari moja, na lugha mbili. Alijua ipi inafungua mlango wa ofisi na ipi inafungua masikio ya ndugu.

Tunayoyafanya sasa

Tangu habari ya mama yule, parokia yetu imejiwekea desturi chache. Tunawapa kama msaada, si kama sheria.

Kwanza, jambo zito tunalisema mara tatu. Tunaanza kwa lugha ya nyumbani, na kila mtu anasema linavyomuuma. Halafu tunaliandika kwa Kifaransa, mistari michache: kiasi, muda, mdhamini. Mwishoni, kabla ya kuinua mikono, tunalirudisha kwa lugha ya nyumbani na kuuliza: katika safari hii, nani amepotea njiani? Hatua hiyo ya tatu ndiyo tuliyoiruka tulipoandika barua ile.

Pili, hesabu tunaisema kwa pande zote mbili. Kama sekretere anaandika "familia 40 zitapata maji", tunamwomba aandike pia "familia 25 hazitapata". Moyo ukisikia upande mmoja tu, unadanganyika kwa urahisi.

Tatu, hakuna barua ya kumhamisha mtu, kumfunga katika ushirika au kumnyima kazi inayotumwa kwa karatasi peke yake. Inabebwa na watu wawili, na inasemwa kwa lugha ya yule anayeipokea.

Nne, katika mkutano hatumwambii mtu "sema Kifaransa" wala "wewe hujasoma". Mkalimani anakaa karibu. Wazee wawili ambao hawakuwahi kusema neno kwa miaka mingi sasa ndio tunaowangoja kabla ya kufunga jambo.

Tano, tunawaomba vijana wajifunze lugha moja ya jirani, si ya mbali tu. Kihavu, Kilega, Kifuliru, Kinyarwanda, kulingana na mahali. Katika eneo letu watu wamekufa kwa sababu ya lugha waliyosikika wakiisema. Anayejifunza lugha ya jirani anasikia namna jirani anavyosimulia ugomvi uleule, na mara nyingi anakuta kwamba katika masimulizi yale, mwenye kuogopa ni yule mwingine.

Wapendwa wazazi, wapelekeni watoto wajifunze Kifaransa, wajifunze na Kiingereza kama nafasi ipo. Ni zawadi nzuri. Lakini jioni mkirudi nyumbani, waambieni hadithi kwa lugha ya bibi yao. Siku moja watakaa katika komite, penseli mkononi, mbele ya hesabu iliyo sahihi kabisa. Siku hiyo watahitaji lugha itakayowauliza kama kuna kaburi nyuma ya nyumba.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.